Kozi Ndogo ya Mwalimu Wasike

Mwalimu Wasike alikuwa na sala fupi kuliko mtu yeyote katika chuo kile, na sifa hiyo ndiyo iliyokuja kuwaponza wenzake.

Chuo chenyewe tusikitaje. Kiko Eastlands, katika jengo la ghorofa sita ambalo chini yake wanauza matairi, na wanafunzi wake hutoka Umoja, Kayole, Mukuru kwa Njenga na kokote kule ambako mtu anaweza kufika darasani kwa miguu akiamka mapema. Wasike alifundisha usimamizi hapo kwa miaka ishirini na minane. Hakuwa profesa. Hakuwa hata daktari, maana kila alipoanza utafiti wa uzamifu kulitokea msiba, au mgomo, au mwanafunzi mwenye shida, na yeye hakuwa mtu wa kumwambia mwanafunzi arudi kesho. Kwa hiyo wote walimwita Mwalimu, na waliotaka kumdharau walimwita hivyo hivyo, kwa sauti tofauti kidogo.

Aliishi Jericho na mkewe Annah, na kila Jumapili walikwenda Kanisa la Friends. Huko ndiko alikopata imani kwamba Mungu si kiziwi na hana haja ya kurudiwarudiwa. Sala yake ilikuwa ya sentensi tatu: asante, tusaidie, amina. Katika chuo kile, ambako hakuna kikao kinachofunguliwa wala kufungwa bila sala hata kama kimeitwa kujadili rangi ya milango, watu wenye njaa walimpenda mno.

Kwa miaka kumi na mmoja Wasike alikuwa akitafuta jambo moja tu, nalo lilikuwa kozi ndogo ya usimamizi kwa wanafunzi wasiosomea usimamizi. Masomo matano, basi. Mhandisi abaki mhandisi, muuguzi abaki muuguzi, mpiga kinanda aendelee kupiga kinanda, lakini kando ya fani yake ajifunze kufanya kazi na watu: kugawa kazi, kumwachia mwingine, kumwambia mtu amekosea bila kumvunja moyo. Wasike hakuona ugumu wowote katika wazo hilo. Ugumu ulionwa na wengine, na waliuona vizuri sana.

Sababu ya yote haya ilikuwa kaka yake mkubwa.

Khaemba alikuwa fundi wa vyuma nyuma ya Soko la Burma, akitengeneza mashine za kukatia majani ya ng'ombe. Akiisikia mashine ikinguruma kwa mbali, alijua ni skrubu ipi iliyolegea. Vijana walitoka Majengo na kwingineko kuja kujifunza kwake, naye aliwapokea wote, akawanunulia chai, akawapa kazi moja: "Nishikie tochi." Kibanda kilikuwa na giza, hilo ni kweli. Lakini vijana walikuwa sita na tochi ilikuwa moja. Mmoja alishika, watano walitazama, na Khaemba alifanya kazi ya wote sita peke yake. Hakuwa mchoyo, wala hakuwa mkali. Alishindwa tu kuitazama spana ikiwa katika mkono wa mtu mwingine. Mkono wake ulijiendea wenyewe ukaichukua. Baada ya mwaka mmoja au miwili kijana aliondoka akiwa bingwa wa kushika tochi, na huko alikokwenda hakukuwa na anayemhitaji bingwa wa namna hiyo.

Wasike alipeleka ombi lake la kwanza la kozi mwaka ule ambao kijana wa tano aliondoka. Miaka mitano baadaye Khaemba aliugua, na Wasike akawa anashinda naye hospitalini. Kibanda wakati huo kilikuwa kimefungwa kwa kufuli, kwa sababu fundi akiwa kitandani hakuna aliyejua la kufanya.

"Nilikuwa naogopa wataharibu," Khaemba alisema siku moja, bila kuulizwa.

"Wangeharibu nini?"

"Chuma."

"Chuma kinanunuliwa, kaka."

Khaemba alimgeukia. "Hiyo mbona hukuniambia mapema? Na wewe ndiye mwalimu wa hayo mambo."

Alifariki wiki hiyo hiyo. Wasike alilia mazishini pamoja na wengine, lakini lile swali halikuzikwa. Miaka yote hiyo alikuwa amewafundisha usimamizi watu waliokuja kuusomea, na aliyeuhitaji zaidi alikuwa mwendo wa nusu saa kutoka kazini kwake, gizani, akishikiwa tochi. Jambo hilo lilimuuma, na halikuacha kumuuma.

Tangu hapo aliishughulikia kozi yake kama mtu anayepeleka dawa. Mwaka mmoja kamati ya mitaala ilimrudishia ombi kwa sababu alitumia fomu ya zamani. Mwaka uliofuata alitumia fomu mpya, ikarudi kwa sababu ile mpya nayo ilikuwa imekuwa ya zamani. Watu wa Uuguzi walikubali, mradi kozi iwe yao. Watu wa Muziki hawakupinga. Walisema tu kwamba hawakushauriwa, na aliposhuka kwenda kuwashauri aliwakuta wamefunga ofisi kwa ajili ya mashindano. Kisha akaambiwa aitishe mkutano wa wadau. Alialika makampuni tisa ya Barabara ya Jogoo na Industrial Area, na siku ya mkutano hakufika hata mlinzi. Chai ilikuwa tayari na karatasi ya mahudhurio ilikuwa tupu. Wasike akapiga moyo konde, akatembea hadi Burma, akarudi na Mureithi, mwenye bucha, akiwa bado na aproni yake nyeupe iliyokuwa imeacha kuwa nyeupe.

"Mimi niko na vijana saba," Mureithi aliwaambia wakaguzi waliotumwa na kamati ya mitaala, mandazi mkononi. "Wote wanajua kukata nyama. Hakuna hata mmoja anajua kumwambia mwenzake hii ni zamu yako. Mkiwa na kozi ya hiyo, nitawaleta wote Jumatatu."

Maneno hayo yaliingizwa katika ripoti chini ya kichwa "Maoni ya Sekta ya Vyakula", na ukweli ni kwamba hayo ndiyo yaliyokuwa sehemu bora ya ripoti.

Kizuizi kikubwa kilikuwa Profesa Ondiek wa Uhandisi, mtu mrefu, mnyoofu, asiyecheka kabla ya saa sita. Hoja yake haikubadilika kwa miaka kumi na mmoja. Ratiba ya Uhandisi ilikuwa imejaa, kozi ndogo ingekula saa zake, na mhandisi anaongoza mashine. "Watu," alikuwa akisema, "watajipanga."

Sasa Wasike alikuwa amefika miaka sitini na mitano, na tarehe thelathini Juni angestaafu. Seneti ya chuo ilikuwa na kikao kimoja tu kabla ya hapo. Hakuwa mjinga, alijua kwamba hoja isiyo na mwenyewe haiishi, na kwamba faili lake la kijani lingewekwa juu ya kabati pamoja na mafaili mengine ambayo wenyewe walistaafu. Mrithi wake idarani, Daktari Mukami, alikuwa binti mwerevu na mwenye nia njema, lakini alikuwa na mwaka mmoja tu kazini na hakuna aliyekuwa akimwogopa. Wala Wasike hakuwa akiogopwa, ila yeye angalau walikuwa wamechoka naye, na kuchokwa ni aina ya nguvu.

Na kulikuwa na Triza.

Triza alikuwa binti wa Khaemba, mwanafunzi wa uhandisi wa mitambo katika chuo hicho hicho, akimaliza mwaka wa pili. Alipewa jina la nyumbani la bibi yake, aliyewazaa Khaemba na Wasike, kwa hiyo Wasike alimwita Mama. Alikuwa amekifungua tena kibanda cha baba yake, akifanya kazi huko Jumamosi na likizo zote. Alianza na wasaidizi wanne. Sasa alibaki na Griffins peke yake, kijana mtulivu wa kutoka Mukuru, na Griffins naye alikuwa ameanza kuulizia kazi ya kiwandani.

Wasike alijua kwa nini. Jumamosi moja ya Mei alikuwa ameketi pale kibandani na kikombe cha chai, Griffins akifunga kisu cha mashine.

"Zi, Griffins, si hivyo," Triza alisema. "Leta."

"Si uniache nijaribu? Nimekuona ukifanya hii kitu mara mia."

"Utaharibu. Leta, manze, tumechelewa." Mkono wake ulikuwa tayari umeichukua spana. "Nishikie tochi."

Chai ilimmwagikia Wasike kwenye suruali. Alikuwa ameshasema mara nyingi, na jibu lilikuwa lile lile. "Anko, mimi nasomea injinia. Hiyo ya kusimamia watu ni ya wale wa ofisi." Kutoka kwa mjomba au baba mdogo mtu hupokea ushauri kama anavyopokea sweta, anashukuru, haivai. Ila darasani, mbele ya wenzake, ikiwa na mtihani mwishoni, Triza alikuwa hajawahi kupuuza somo lolote. Na kanuni za chuo zilisema kozi ndogo lazima ianzwe kabla ya muhula wa pili wa mwaka wa tatu kwisha. Seneti ikikubali Juni, kozi ingeanza Januari na Triza angeiwahi. Ikiahirishwa mwaka mmoja, ingewafaa wengine, kama ingekuwapo.

Kikao kilianza saa tatu asubuhi, ghorofa ya tano. Ajenda zilikuwa kumi na tisa, na kozi ya Wasike ilikuwa ya kumi na saba. Ajenda ya nne, iliyohusu nani aegeshe gari kivulini, ilichukua saa mbili na robo. Saa saba kasoro, wakiwa wameanza ya kumi na mbili, mlango wa nyuma ulifunguliwa na wapishi wakaingiza pilau, kuku na chapati, wakaanza kufunua.

Profesa Wahome, Naibu Chansela, aliyekuwa akiongoza kikao, aliinua kichwa. Harufu ya pilau ilikuwa imemfikia. Ni kawaida ya nchi hii kwamba chakula kikishafunuliwa mkutano umekwisha, hata kama hakuna aliyeufunga, na Profesa Wahome hakuwa mtu wa kupigana na kawaida.

"Yaliyobaki tutayapeleka kikao kijacho," alisema. "Mwalimu Wasike, wewe ndiye mkubwa wetu hapa na huu ni mwezi wako wa mwisho. Tuombee chakula, utufungie na kikao, kwa pamoja."

"Prof, ajenda ya kumi na saba..."

"Agosti, Mwalimu. Tuinuke."

Watu thelathini na wawili waliinuka, viti vikakwaruza sakafu, macho yakafungwa. Wengine waliliweka daftari chini ya kwapa kabisa, wajiandae kwa mwendo. Msajili, Nuradin, ambaye ndiye aliyeandika kumbukumbu, aliweka kalamu mezani na kukunjua viganja vyake kama alivyozoea kuwaheshimu wenzake wa Kikristo.

"Baba wa mbinguni," Wasike alisema, "asante kwa chakula hiki na kwa mikono iliyokiandaa. Tusaidie."

Hapo palikuwa mahali pa amina. Wawili watatu walikwisha kuianza.

"Na Bwana," Wasike akaendelea, "unajua ya kwamba kuna ajenda ya kumi na saba."

Hakuwa amepanga. Aliapa hivyo baadaye kwa mkewe, naye alimwamini. Maneno yalimtoka tu, na yalipoanza kutoka hakuyazuia.

"Unajua, Bwana, kwamba ni masomo matano tu. Unajua kwamba hayachukui saa hata moja ya kitivo chochote, hasa Uhandisi, maana yatafundishwa Ijumaa alasiri ambapo madarasa ni matupu. Umeliona jedwali, ukurasa wa tisa. Wewe huhitaji kufunua ukurasa, lakini watumishi wako hawa wanao mbele yao."

Mtu fulani alikohoa. Lakini kukohoa si hoja, na katika chuo kile hakuna aliyewahi kusikia mtu akiomba nafasi ya kuzungumza katikati ya sala. Profesa Wahome alifungua jicho moja. Jicho hilo likakutana na jicho moja la Profesa Ondiek, lililokuwa nalo limefunguka. Yote mawili yakafungwa haraka kwa aibu.

Wasike aliwaombea wauguzi ambao siku moja watapewa wodi nzima bila kuambiwa wodi inaendeshwaje. Aliwaombea wapiga kinanda watakaoongoza kwaya zenye watu wenye vichwa vigumu. Alimwombea Mureithi na vijana wake saba. Alimweleza Mungu zoezi la wiki ya kwanza: mwanafunzi aende mahali ambapo anaijua kazi kuliko wote waliopo, akae saa nzima, mwingine aifanye, naye asiguse kitu wala kusema neno mpaka aulizwe. Chapati zilikuwa zinapoa. Mpishi mmoja alizifunika tena, polepole.

"Na mwisho, Bwana, unamjua kaka yangu Khaemba, maana uko naye. Ulimpa mikono ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. Mimi nilikuwa na kitu alichokihitaji na sikumpa, kwa sababu nilidhani ni cha watu wa ofisini. Aliishi akishikiwa tochi na watu ambao wangeweza kumsaidia, na alikufa peke yake na kazi yake. Nisamehe mimi. Usiache jambo hili litokee tena kwa mtoto wa mtu aliyepita kwenye mlango wetu. Kama ni mapenzi yako, na mapenzi ya wote waliosimama hapa, kozi hii ianze Januari. Na sote tuseme..."

"Amina!" walisema, wote, kwa kishindo. Njaa ilichangia, lakini si njaa tu. Mama mmoja wa Maktaba alikuwa akipangusa macho.

Ilikuwa imechukua dakika kumi na tisa.

Wenzake walikula. Wasike hakula. Alimfuata Nuradin kwenye foleni ya pilau na kumuuliza chini kwa chini kama ile ingeingia kwenye kumbukumbu.

"Mola akubariki, Mwalimu," Nuradin alisema, na alimaanisha. "Lakini sala haiandikwi."

"Haiandikwi kabisa?"

"Huandikwa kwamba iliombwa. Hayaandikwi yaliyoombwa."

Jioni alimsimulia Annah yote, ameinamisha kichwa. "Leo nimemtumia Mungu kama msajili," alisema.

"Na Yeye amesemaje?"

"Amesema Agosti."

Tarehe thelathini Juni chuo kilimpa saa ya ukutani, kadi kubwa yenye sahihi, na hotuba mbili. Wasike alimkabidhi Mukami faili la kijani. Alitaka kumweleza kilichomo, akaanza na ukurasa wa kwanza, na walipofika wa tatu Mukami alimwambia kwa upole, "Mwalimu, ninajua kusoma." Akaenda nyumbani. Julai yote aliamka saa kumi na moja, akanyoa ndevu, akavaa tai, kisha akakumbuka. Saa ya ukutani aliitundika sebuleni. Ilikuwa ikienda mbele dakika kumi na tisa, au yeye aliona hivyo. Hakutarajia lolote. Alikuwa amekufa moyo, na alipoulizwa na majirani anaendeleaje alisema anapumzika.

Agosti, alasiri ya Alhamisi, Mukami alimpigia simu. Alikuwa ameketi katika kikao cha seneti kwa niaba ya idara, na alikuwa akiongea mbiombio.

"Mwalimu, hatukufika hata ajenda ya kwanza. Tulikwama kwenye yatokanayo na kumbukumbu. Prof Ondiek alisimama."

Wasike alifumba macho. "Ehe."

"Akasema, hapa imeandikwa kikao kilifungwa kwa sala. Ni kweli. Lakini mimi nilisema amina, na nimekaa nayo miezi miwili. Nataka nyumba hii iniambie nilikubali nini. Naibu Chansela akamwambia ile ilikuwa sala ya chakula. Prof akasema, chakula kilitajwa mara moja, mwanzoni. Dakika kumi na nane zilizobaki zilikuwa za kozi."

"Ondiek?"

"Yeye mwenyewe. Halafu akasema, kama kuna mtu humu aliyesema amina bila kuimaanisha, ainue mkono ili msajili amwandike jina."

"Na nani aliinua?"

"Nani ainue, Mwalimu? Iandikwe milele kwamba profesa fulani alimdanganya Mungu? Kulikuwa kimya hata nikasikia feni. Nuradin akasema yeye pia alisema amin na kalamu iko tayari. Naibu Chansela akaangalia saa, akaangalia mlango wa wapishi, akasema imepita."

Wasike aliketi kitandani.

"Mwalimu, uko? Kuna kingine. Prof alisema anamkumbuka ndugu yako. Kwamba aliwahi kuwapeleka wanafunzi wake pale kibandani kwa mafunzo ya miezi mitatu, na hajawahi kuona fundi kama yule, na vijana walirudi wakijua kushika tochi. Akasema, nilidhani vijana ndio wavivu."

Annah alitoka jikoni akamkuta mumewe ameketi kitandani na simu mapajani, machozi yakimtoka bila kificho. "Kumetokea nini?"

"Msajili amejibu," alisema Wasike.

Januari kozi ilianza, Ijumaa alasiri, na wanafunzi arobaini na mmoja. Siku hiyo hiyo ya kwanza Wasike alikwenda chuoni kurudisha kitabu cha maktaba, ingawa kitabu chenyewe kingeweza kungoja. Alipanda hadi ghorofa ya nne, ambako kitabu hakikuhitajika, akaketi kwenye benchi la ukumbini. Mlango wa darasa ulikuwa wazi. Kupitia hapo aliona mgongo wa Triza, safu ya pili, akiandika kila kitu kama kawaida yake.

Mukami alikuwa ameanza na somo la wiki ya tano.

Wasike alisikiliza vizuri, asije akamsingizia. Ilikuwa wiki ya tano kweli, ile ya makosa na jinsi ya kuyasema, ambayo yeye aliipanga baada ya miaka kumi na mmoja ya kufikiri kwamba lazima ije baada ya nne. Na alikuwa akitoa mfano wa timu ya mpira, ambao haukuwamo kwenye faili. Wasike alisimama. Alifika mlangoni, mkono ukawa tayari kugonga. Darasani watu walicheka, na mwanafunzi wa uuguzi akauliza swali zuri, swali ambalo halingeulizwa katika wiki ya kwanza aliyoipanga yeye. Akaurudisha mkono mfukoni. Haukupenda kukaa humo. Alishuka ngazi akakirudisha kitabu.

Jumamosi ya wiki iliyofuata, Mukami akiwa sasa amefundisha wiki ya kwanza, Wasike alikwenda kibandani. Mashine ya mteja wa Limuru ilikuwa imefunguliwa sakafuni na Griffins alikuwa amepiga goti mbele yake, spana mkononi. Triza alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, hatua tatu kutoka hapo. Alikuwa amekalia mikono yake miwili.

"Niaje, Anko," alisema bila kugeuka. "Ni asaimenti. Saa moja. Sitakiwi kugusa."

"Najua," alisema Wasike.

"Ni nani alitunga hii kitu? Ni mtu mbaya sana."

Wasike aliketi ubaoni kando yake. Griffins alifanya kazi polepole, akipima mara mbili. Kisha akachukua kisu, akakigeuza, akaanza kukifunga upande usio wake. Wasike aliona. Triza aliona, alifyonza hewa kwa meno na mabega yakampanda hadi masikioni. Wasike alifungua kinywa.

"Anko," Triza alinong'ona, macho mbele, "kalia mikono."

Wasike aliikalia. Ubao ulikuwa na msumari mdogo na ulimchoma, lakini hakusogea. Griffins alikaza skrubu ya kwanza. Akakaza ya pili. Akazungusha gurudumu, likalia vibaya, akasimama akilitazama. Dakika zilipita, na nje mtu alikuwa akinadi mitumba. Kisha Griffins akacheka peke yake, akafungua skrubu zote mbili, akageuza kisu, akaanza upya. Hakuna aliyemwambia.

Saa moja ikaisha. Triza hakuinuka. Wasike alitazama saa yake ya mkononi, akamtazama binti wa kaka yake, akaona kwamba anajua saa imekwisha na ameamua kuendelea kukaa. Alitamani Khaemba awepo. Alitamani hivyo kwa uchungu mwingi, na uchungu huo haukuwa mbaya kama ule wa zamani.

Griffins aliinama chini ya mashine, mahali pa skrubu ya mwisho, ambako kulikuwa na giza. Alipapasa, akashindwa.

"Triza," alisema kutoka huko chini. "Nishikie tochi."

Triza alitoa mikono yake chini ya mapaja. Ilikuwa imekufa ganzi, akaikunjakunja kwanza. Akaichukua tochi ya baba yake kwenye msumari wake ukutani, akapiga magoti kwenye vumbi la chuma, akamulika.

"Inua kidogo," alisema Griffins.

Akainua.